Kazi ya Tata Nyambura

Wiki jana niliingia supamaketi moja hapa mjini kununua mafuta ya kupikia, na karibu na mlango nikakuta wametundika vinyago vya mpira vya kuvaa usoni. Fuvu la kichwa, mchawi mwenye pua ndefu, shetani wa pembe mbili. Vilinuka kama ndala mpya ambazo bado hazijatolewa kwenye nailoni. Cha nne kilikuwa uso wa mtu aliyeungua. Aliyekitengeneza alijua anachokifanya: ngozi ilikuwa imevutwa kutoka shavuni hadi shingoni, jicho moja limefumba nusu, sikio limebaki kidonge tu. Nilisimama mbele yake na kikapu mkononi. Kisha nikakigeuza, kikatazama ukuta.

Msichana wa dukani aliniona. Akaja polepole, akakigeuza tena kiangalie watu, akaniambia kwa heshima kwamba hicho ndicho watoto wanakipenda zaidi mwaka huu. Niliacha kikapu papo hapo sakafuni nikatoka. Watu nikiwasimulia habari hii hudhani nitalia, wananisogezea kitambaa. Mimi silii. Nina hasira, na nimekuwa nayo tangu nikiwa darasa la nne.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Munyaka, Eldoret, mimi, mama yangu na Tata Nyambura. Tata ndivyo tunavyomwita dada ya mama. Mama alikuwa na duka dogo mbele ya nyumba, mkate, sukari ya kupima, mafuta ya taa, na sisi tuliishi nyuma yake katika vyumba viwili. Tata alikuwa ameunguzwa na stovu iliyolipuka alipokuwa msichana, kabla mimi sijazaliwa, kwa hivyo sikuwahi kuujua uso wake mwingine. Huo ndio uliokuwa uso wa Tata, kama mtu mwingine alivyo na mwanya au kipara. Tulilala kitanda kimoja. Shavu lake la kushoto lilikuwa laini na baridi kuliko la kulia, na mimi nilizoea kuliwekea kiganja mpaka usingizi unichukue. Usiku wa Julai, baridi ya Eldoret inapopenya hadi ndani ya blanketi, alikuwa akilalamika kwamba nina mikono kama ya chura, lakini hakuwahi kuiondoa.

Tukienda sokoni pamoja, watu walimtazama. Walimpita, wakageuka, wakamtazama tena. Wanawake waliokuwa wakipima viazi waliacha kupima. Mimi nilidhani Tata ni mtu maarufu. Sikuwa na maelezo mengine. Nilimshika mkono nikatembea kichwa juu, na mtu akitukodolea macho sana nilimpungia mkono kwa niaba yake. Sijui ni nini kilichompitia moyoni akiniona nikiwapungia watu wale. Hakunikataza.

Alitafuta kazi muda mrefu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hesabu alizijua kuliko mama. Hoteli moja ilimwambia akaoshe vyombo huko nyuma, halafu mteja akamwona kupitia kidirisha cha kupitishia chakula, na kesho yake wakamwambia asirudi. Saluni ilimwambia wateja wanakuja kutafuta urembo. Hayo niliyasikia usiku akimweleza mama kwa Kikuyu, wakidhani nimelala. Asubuhi aliamka, akavaa sweta yake ya kijani, akatoka tena.

Halafu siku moja mwezi wa kumi alirudi akicheka tangu mlangoni. Alikuwa amepata kazi katika ile bustani ya bembea iliyokuwa imefunguliwa nje kidogo ya mji. Wale wa rika langu mtaikumbuka: kulikuwa na treni ndogo iliyozunguka shamba, farasi wawili waliochoka, gurudumu la viti lililokwama kila mara stima ikipotea. Mama akamwuliza ni kazi gani. Tata akajibu, "Ni kazi ya kukaa." Mama alicheka akasema hiyo kazi basi amtafutie na yeye. Mimi niliamua mwenyewe kwamba Tata anakaanga chipsi. Nywele zake zilirudi zikinuka mafuta na moshi, na wakati mwingine alinibebea bisi kwenye mfuko wa karatasi. Hakunidanganya. Hakuna aliyemwuliza mara ya pili.

Bustani ile ilikuwa imebandika mabango mjini kote kwamba kutakuwa na Halowini. Kwetu hakuna aliyejua hicho ni kitu gani. Mimi nilifikiri Halowini ni jina la mzungu mwenye bustani, na kwamba amewaalika watoto kwake. Mama alichojua ni kuhusu malenge tu. Mteja wake mmoja wa Yamumbi alikuwa amewauzia shamba zima la malenge, akamwambia mama kwamba yanachongwa macho na meno, yanawekewa mishumaa, na nyama ya ndani inamwagwa. Mama alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye. Alisema mtu anayemwaga chakula ili malenge yawe na meno hajawahi kulala njaa, na kwamba pesa za mchezo wa namna hiyo hazitatoka dukani kwake.

Kwa hivyo mimi nisingeenda, kama si Stella. Stella alikuwa rafiki yangu darasani, na baba yake alikuwa daktari. Hata wazazi wetu walimwita Daktari tu, na walipoongea naye walinyoosha mgongo. Siku ya kuzaliwa ya Stella iliangukia wiki hiyo, na Daktari akasema atatupeleka wasichana watano Halowini kwa gari lake. Mama hakuweza kumkatalia Daktari. Alinipaka mafuta miguu, akanivalisha gauni la kanisa, akaniambia nisiguse kitu ambacho sijaambiwa niguse.

Tata alikuwa ameondoka asubuhi na mapema. Hakujua kwamba ninakwenda, maana ruhusa ilitoka saa nne, baada ya yeye kutoka. Na mimi ndani ya gari niliwaambia wale wasichana, bila kuulizwa, kwamba tata yangu anafanya kazi huko, na kwamba tukifika atatupatia chipsi bure. Nilisema mara mbili au tatu. Sikuwa mtoto wa kuwa na kitu cha kujivunia mbele ya Stella, na siku hiyo nilikuwa nacho.

Tulifika alasiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Malenge yalikuwa yamepangwa kuanzia langoni, kwenye matope, kila moja na mshumaa wake, na mishumaa ilikuwa imeunguza vifuniko kwa ndani, bustani nzima ikanuka kama mtu amesahau sufuria jikoni. Tulipanda treni. Tulipanda gurudumu. Nilikwenda kwenye kibanda cha chipsi nikachungulia, nikamkuta mwanamume mwenye kofia. Nilimwuliza Tata Nyambura yuko wapi, akasema hamjui. Nikawaambia wenzangu bila shaka yuko stoo.

Mwisho wa uwanja kulikuwa na Nyumba ya Mizimu. Ilikuwa ghala la mahindi la zamani, la mabati, lililogawanywa vyumba kwa karatasi nyeusi ya nailoni, ile ya kufunikia nyasi za ng'ombe. Mwanamume mwenye spika alisimama mlangoni akiwaita watu waingie wamwone mama aliyetoka kuzimu. Daktari alibaki nje akisoma gazeti. Sisi tuliingia tumeshikana mikono.

Vyumba vya kwanza vilitufanya tucheke. Kulikuwa na glavu zilizojazwa maji zikining'inia, nyuzi za sufu zilizotugusa uso, na mtu nyuma ya nailoni aliyekuwa akibweka. Chumba cha mwisho kilikuwa na kiti, na juu ya kiti mtu amefunikwa shuka jeupe kuanzia kichwani. Tukasimama. Shuka likaanguka, tochi ikawaka chini ya kidevu, na yule mtu akasimama ghafla mbele yetu akiwa amefungua mdomo.

Nilipiga kelele. Nimewahi kuisimulia habari hii nikaanza na Stella, nikasema Stella ndiye aliyepiga kelele kwanza, lakini si kweli. Nilikuwa mimi. Mwanga ule wa kutoka chini ulipanda ukaingia katika kila mkunjo wa lile shavu ambalo usiku uliotangulia nilikuwa nimelilalia kiganja, na kwa muda kama wa pumzi tatu sikumjua. Niliona walichokuwa wakikiona wale wanawake wa viazi. Halafu nikaiona sweta ya kijani.

Naye aliniona wakati huo huo. Tochi ilimponyoka mkononi ikabiringika sakafuni. Akaniita jina langu, polepole, kwa sauti yake ya nyumbani.

"Ciku. Ni mimi. Usikimbie."

Nilikimbia. Tulikimbia wote, tukapasua nailoni ya mlangoni, tukatokea nje kwenye matope tukihema. Mmoja alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Stella alikuwa mweupe midomo. Alisema ule haukuwa uso wa mpira, ulikuwa wa kweli, aliona jicho likitoa machozi. Kisha akanigeukia, akaniambia amesikia yule mtu akiniita jina. Akasema, kwa kuwa tata yangu anafanya kazi humu, tumtafute atuambie yule ni nani.

Walikuwa wananitazama wote wanne.

"Tata yangu leo hayuko," nikasema.

Ilitoka kwa urahisi. Hata sikujikwaa. Tulikuwa tumesimama hatua mbili kutoka kwenye ile karatasi nyeusi, na sikufikiria hata kidogo kwamba sauti inapita.

Daktari alikuja mbio na gazeti lake kwapani. Stella alipomweleza, aliingia ndani mwenyewe, na alipotoka alikuwa amefura kwa hasira. Nataka kumtendea haki: alikuwa mtu mwema, na hasira yake ilikuwa ya mtu mwema. Alimwita meneja kwa sauti ambayo ilisimamisha foleni nzima. Meneja akaja, na Tata akatoka nyuma yao, shuka amelikunja mkononi kama mtu aliyetoka kuanua nguo. Katika mwanga wa mchana alikuwa tu Tata, amechoka kidogo, ana tope kwenye viatu.

"Huyu ni mgonjwa," Daktari alimwambia meneja. "Huyu anahitaji kufanyiwa upasuaji. Mnamweka hapa kutisha watoto wa watu, hamna haya?"

Meneja aliinua mikono. Alisema mwanamke huyo mwenyewe alikuja kuomba kazi, walimhurumia tu, na kwamba hata rangi hawakumpaka. Hilo la rangi alilisema kama utetezi.

"Mimi si mgonjwa," Tata akasema.

Walikuwa wawili, warefu, wakiongea juu ya kichwa chake, na watu walikuwa wameanza kujaa, wengine wamebeba watoto mabegani ili waone vizuri. Daktari alisema ataandika barua. Alisema kuna madaktari wazungu wanaokuja hospitali kubwa kufanya upasuaji wa aina hiyo, na huyu angeandikishwa. Huyu, huyu, huyu. Meneja, alipoona watu wanaongezeka, akamgeukia Tata akamwambia achukue vitu vyake aende, na kesho asije.

Tata akaangaza macho juu ya umati ule mpaka akanipata. Sikujua anataka nini kutoka kwangu. Labda hakutaka kitu, labda alitaka tu kujua niko sawa. Nilitazama treni. Ilikuwa inazunguka shamba na watoto wawili ndani yake, nami niliitazama kwa makini kana kwamba nimetumwa kuilinda. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka.

Daktari alitununulia aiskrimu ili tutulie. Niliila. Niliimaliza yote, nikalamba hata kijiti.

Tata alifika nyumbani kabla ya giza, kwa miguu. Mimi nilikuwa nimeletwa na gari, nimekaa kwenye gunia la mkaa nyuma ya duka, nikingoja aje aseme. Nilijua atasema. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kujitetea. Alisalimia, akaketi, akavua viatu, akamwambia mama kwamba kazi imekwisha na ilikuwa ya namna gani. Alimwambia yote, lile ghala, lile shuka, tochi, meneja, na daktari fulani aliyekuja na watoto. Mama alikuwa akikata mkate nusu kwa ajili ya mteja. Aliweka kisu chini.

"Nyambura, umekaa kule uwe zimwi la watoto?" mama aliuliza. "Uso wa mtoto wa mama yangu?"

Ndipo nilipomwona Tata akikasirika kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hakupaza sauti.

"Watu wa mji huu wananitazama bure kila siku," alisema. "Pale walikata tiketi. Na nikitaka nilikuwa najifunika shuka, wanangoja mpaka nipende. Wewe unajua sokoni nangoja nini?"

Mteja alichukua nusu mkate wake akaenda. Tata alinipakulia githeri ya mahindi na maharagwe, akaniwekea mbele, na kuhusu mimi hakusema neno lolote. Usiku huo nilijilaza ukingoni mwa kitanda na mikono yangu nikaifungia katikati ya magoti. Niliogopa kuuweka mkono wangu kwake. Nimewahi kuambiwa kwamba mtoto huogopa moto tangu anapounguzwa. Mimi nilifundishwa kuogopa uso niliokuwa nimeulalia miaka tisa, nikafundishwa alasiri moja, kwa spika na nailoni na tochi, na watu waliofanya hivyo walikuwa wameuza tiketi na kucheka. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Siku ya Jumatatu Stella aliwasimulia darasa jinsi baba yake alivyomwokoa mwanamke aliyekuwa akitumiwa vibaya Halowini. Mwalimu akasema hao ndio viongozi tunaohitaji, akatuambia tupige makofi. Nilipiga. Barua ya upasuaji haikuja, ama kama iliandikwa haikujua iende kwa nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amechukua jina.

Tulipofunga shule Tata aliondoka Munyaka. Ilikuwa wakati wa mavuno, matrekta yakipita barabarani na trela za mahindi, na kule Moi's Bridge mwanamke mmoja mwuzaji wa nafaka alikuwa anatafuta mtu anayejua hesabu wa kusimamia ghala. Alimfanyia Tata mtihani wa kujumlisha magunia, akampa funguo. Tata hakurudi kuishi nasi. Alikuja Krismasi, alikuja arusi yangu, akanunua ghala lake mwenyewe. Sokoni kwake watu bado humtazama mara mbili, lakini mara ya pili wanauliza bei. Mimi nilikua nikawa mtu wa kumpigia simu kila Jumapili na kuzungumza juu ya mvua.

Baada ya ile siku ya supamaketi sikuweza kungoja Jumapili. Jumamosi nilikwenda Moi's Bridge bila kumwambia. Nilimkuta ameinama juu ya turubai uani, mahindi yamemwagwa, anachambua yaliyooza anayatupa kwenye debe. Ana mvi sasa. Nilichuchumaa kando yake nikaanza kuchambua nami, na nikamwambia yote mkono ukiwa unaendelea, maana ningeacha kazi nisingeweza kusema. Nilimwambia kuhusu chipsi nilizowaahidi wasichana. Nilimwambia kuhusu treni. Nikamwambia kile nilichosema nje ya lile ghala.

"Nilikusikia," Tata akasema. "Ile nailoni ilikuwa nyepesi."

Miaka yote nilikuwa nimeogopa kumwambia kitu ambacho alikuwa nacho tangu dakika ile ile. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kunishtaki kwa mama.

"Ulikuwa mtoto wa miaka tisa, Ciku. Mama yako angekuchapa, mimi ningefaidika nini?" Alitupa mahindi mawili kwenye debe. "Lakini sitakuambia haikuniuma. Iliniuma. Nilitembea kutoka kule hadi Munyaka nikiwa na hilo tu, hata huyo meneja nilimsahau."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo njia nzima, na lilipotoka lilikuwa dogo.

"Nilishakusamehe," alisema. "Si siku ile. Ni baadaye, nikiwa na shughuli zangu, hata sikumbuki ni lini."

Akajinyoosha mgongo, akapangusa vumbi la mahindi kwenye aproni, akatazama lango kana kwamba kuna mtu anayetarajiwa.

"Lakini yule daktari," akasema, "huyo bado."